Kuandaa njia ya muda ya spidiwei: kagua kilicho chini kabla hujakifunika

Tarehe 11 Oktoba 2008, raundi ya mwisho ya Speedway Grand Prix, mfululizo wa mbio za pikipiki za kugombea ubingwa wa dunia wa spidiwei, ilikuwa ifanyike ndani ya uwanja wa mpira wa Gelsenkirchen, Ujerumani. Haikufanyika. Njia iliyojengwa kwa ajili ya usiku mmoja ilionekana si salama, mashindano yakafutwa, na wiki moja baadaye waendeshaji wakakutana Bydgoszcz, Poland, kwenye njia ya kudumu. Tarehe 18 Aprili 2015, uwanja wa taifa wa Warsaw ulijaa watu ambao pamoja na mbio walikuja kumuaga Tomasz Gollob, bingwa wa dunia wa 2010. Geti la kuanzia likagoma, njia ikachimbika, na baada ya michuano 12 (mchuano ni mbio moja fupi ya waendeshaji wanne) kati ya 23 iliyopangwa, mashindano yakasimamishwa.

Viwanja vyote viwili vilikuwa vya kisasa, na paa juu. Lakini paa halikaushi udongo uliokwisha kulowa, wala halishindilii tabaka lililomwagwa kwa haraka. Mwongozo huu ni wa fundi au msimamizi anayekabidhiwa uwanja wa mpira kwa siku chache na kutakiwa kuugeuza kuwa njia ya mbio. Nitakaa zaidi kwenye tabaka la chini na maji, kwa sababu njia nyingi za muda hufia huko, ingawa jeraha huonekana juu.

Kwanza elewa nini kinapita hapo. Pikipiki ya spidiwei ina injini ya cc 500, inatumia methanoli, ina gia moja na haina breki. Waendeshaji wanne hukimbia mizunguko minne wakikata kona za kushoto, na kwenye kila kona huliacha gurudumu la nyuma liteleze kwa ubavu huku likiendelea kusukuma. Kinachowapunguzia kasi ni udongo wenyewe. Unapojenga njia unawajengea watu wanne breki zao, na breki hizo zinapaswa kushika sawasawa kutoka ukingo wa ndani hadi uzio wa nje. Shimo dogo la kina cha kiganja, ambalo gari lingelipita bila dereva kujali, humwinua mwendeshaji wa spidiwei na kumtupa kwenye uzio.

Hatua ya 1: Pima, kisha hesabu udongo kwa uangalifu

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki (FIM) zinataka njia ya urefu usiopungua mita 260 na usiozidi 425. Ndani ya uwanja wa mpira utaangukia upande wa chini wa kipimo hicho. Njia fupi ina kona kali, na kona kali huchimbika upesi, basi usifurahie kwamba imetosha kuingia. Jiandae kuitunza zaidi.

Kosa la hesabu linalojirudia ni hili: urefu rasmi hupimwa mita moja kutoka ukingo wa ndani, si katikati ya njia. Chukua mfano wa njia ya mita 275, yenye sehemu mbili za kunyooka za mita 55 kila moja na upana wa mita 10, na kona zenye upana wa mita 14. Ukizidisha urefu kwa upana moja kwa moja unapata kama mita za mraba 3,400. Lakini kwenye kona, nje ni parefu kuliko ndani. Hesabu halisi ya duara inakupa karibu 3,940. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita za mraba 500, kwa unene wa sentimita 35, ni kiasi cha tani 370 za udongo uliokwisha kushindiliwa. Aliyekosea hapa hugundua usiku wa manane kwamba kona ya mwisho haina udongo, akaagiza malori mengine kutoka popote yanapopatikana. Udongo huo mgeni, wenye punje tofauti na unyevu tofauti, ndio utakaochimbika kwanza.

Njia yote katika mfano huo inahitaji karibu tani 2,750. Kwa lori la tani 25, hizo ni safari 110. Sasa nenda kwenye mlango wa uwanja na ujiulize lori linaingiaje, linageuka wapi, linatokaje. Mpate pia mhandisi wa jengo akuambie kwa maandishi sakafu inabeba uzito gani, hasa kama chini yake kuna maegesho, na kama rola la kutikisa linaruhusiwa.

Hatua ya 2: Ukamate udongo kabla haujaingia

Njia za spidiwei hutengenezwa kwa mawe yaliyosagwa: mwambatope, dolomiti, itale, hata matofali ya kuchoma yaliyosagwa, yakichanganywa na chembe laini za udongo wa mfinyanzi za kushikanisha. Punje hutoa mshiko, mfinyanzi hugandisha. Mfinyanzi ukizidi unapata utelezi na tope. Ukipungua, tabaka la juu linaruka kama mchanga na njia inabaki mifupa. Peleka sampuli maabara ipimwe kwa chekeche, na ipimwe pia ule unyevu ambao udongo huo unashindilika nao vizuri kuliko mwingine wowote. Namba hiyo moja iandike kwenye karatasi na uibandike mahali kila mtu wa kikosi ataiona.

Kisha ulinde udongo na mvua kama unavyolinda saruji. Lundo lililoenea kwenye eneo la mita za mraba 1,000 bila turubai, likinyeshewa milimita 20, limepokea lita 20,000 za maji. Sehemu itatiririka, lakini itakayoingia ndani haitoki kwa siku mbili tatu, na ukishaufungia udongo huo ndani ya uwanja usio na jua wala upepo, haitoki kabisa kabla ya mbio. Rundika udongo kwa mlima mrefu mwembamba, mgongo wake uwe mkali, turubai lifunike mpaka chini, na mifereji ichimbwe pembeni. Malori nayo yafunikwe njiani.

Weka mtu mmoja mlangoni mwenye mamlaka ya kurudisha lori. Kipimo chake cha haraka ni kiganja: chukua udongo kutoka katikati ya shehena, si juu, ukamate kwa nguvu kisha ufungue. Donge likibaki zima na likavunjika vipande viwili vitatu unapolibonyeza kwa dole gumba, lipite. Likiacha kiganja kinang'aa kwa maji, lirudi. Likisambaratika lenyewe ni kavu, na hilo linarekebishika, maana kuongeza maji ni rahisi na kuyaondoa ni vigumu. Kila baada ya malori kumi, thibitisha kwa mizani: pima gramu 500 za udongo, ukaushe kwenye jiko au oveni, upime tena. Zikibaki gramu 460, maji yalikuwa 40, na 40 ukigawanya kwa 460 unapata unyevu wa karibu asilimia 8.7. Linganisha na namba ya maabara.

Najua shinikizo linalokuwepo mlangoni. Malori yamepanga foleni, muda unakwenda, na lori moja lenye maji linaonekana dogo mbele ya mia. Lakini tani 25 zilizolowa zikimwagwa mahali pamoja ni kipande kizima cha kona. Lirudishe.

Hatua ya 3: Sakafu ya kulinda uwanja

Hapa niseme kwa ufupi. Ama nyasi zimeondolewa, ama zimefunikwa. Tandika kitambaa kizito cha kutenganisha udongo, juu yake mbao au mabamba ya kugawanya uzito, kisha kitambaa kingine. Viungo vya mabamba visipangane kwenye mstari mmoja. Vipishane kama matofali ya ukutani. Tembea juu ya kila bamba. Linalocheza chini ya mguu litacheza chini ya udongo, na hakuna rola litakaloshindilia kitu kinachonepa. Hakikisha maji yatakayopenya yana pa kwenda, la sivyo plastiki uliyotandika kwa nia njema itakuwa beseni.

Hatua ya 4: Tabaka la chini

Hii ndiyo hatua ambayo watu huifanya kwa haraka, kwa sababu haitaonekana.

Mwaga udongo kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15 kabla ya kushindiliwa. Rola halifiki chini kabisa ya tabaka nene. Ukimwaga sentimita 35 kwa mkupuo mmoja na kupitisha rola mara ishirini, utapata ganda gumu juu na udongo uliolegea chini yake. Ganda hilo litakupendeza, litampendeza mkaguzi atakayeligonga kwa kisigino, litadumu mizunguko michache ya mazoezi, kisha litapasuka. Magurudumu ya nyuma yakishaifikia ile sehemu laini, shimo hukua kwa kila mchuano.

Shindilia kutoka ukingo wa chini kuelekea wa juu kwenye kona, kila mpito ukipanda nusu ya mpito uliotangulia. Kingo ambazo rola kubwa haifiki, karibu na uzio na karibu na ukingo wa ndani, zishindiliwe kwa mashine ndogo ya mkono. Kabla ya tabaka linalofuata, kwaruza uso wa lililopo kwa haro (zana yenye meno ya kukwaruza udongo) ili yashikane. Matabaka mawili laini yaliyolazwa bila kukwaruzwa hutengana kama chapati, na juu huteleza.

Halafu fanya majaribio matatu, usiruke hata moja:

Pitisha lori lililojaa kwa mwendo wa mguu, na mtu atembee nyuma ya gurudumu akiangalia udongo. Ukibonyea na kurudi juu kama godoro, kuna maji yamenaswa chini. Ukibonyea ukabaki hivyo, haujashindiliwa.

Chomeka chuma chembamba kila baada ya mita tano, kwenye mistari mitatu: ndani, katikati, nje. Mkono utakuambia. Unatafuta mahali ambapo chuma kinakwama juu kisha kinazama ghafla.

Chimba mashimo machache ya ukaguzi, angalau mawili kwenye kila kona: moja pale mwendeshaji anapoingia na moja pale anapotoka akiongeza kasi. Chukua udongo wa chini kabisa, ukamate kiganjani, upime. Ndiyo, inauma kuchimba kitu ulichotoka kukishindilia. Ziba kwa matabaka na uendelee.

Kama jaribio lolote limeshindwa, usifunike. Kata eneo bovu kwa kingo za mraba, lichimbue mpaka ufike pagumu, toa udongo wote uliolowa, rudisha udongo wenye unyevu sahihi kidogo kidogo huku ukishindilia. Kumwaga udongo mkavu juu ya tope na kupitisha rola hakuondoi tope, kunalificha tu. Ratiba yangu ingepangwa hivi: tabaka la chini limekamilika na kupita majaribio yote huku zikiwa zimebaki siku mbili kamili kabla ya pikipiki ya kwanza kuingia. Siku hizo mbili ni za udongo kutulia na za kukosea.

Hatua ya 5: Umbo

Njia inainama kidogo kuelekea ndani, na kwenye kona inainama zaidi. Badiliko kati ya sehemu ya kunyooka na kona liwe la polepole. Pima kwa kamba na pima maji, au kwa mashine ya leza kama ipo, na usiamini jicho: chini ya taa za uwanja, mgongo wa tembo unaonekana tambarare. Mahali pabaya zaidi ni sehemu ya nje inayoanguka kuelekea uzio, maana mwendeshaji anayeteleza hapo hana kitu cha kumrudisha ndani.

Uzio wa hewa wa kwenye kona (mito iliyojazwa hewa ya kumpokea anayeanguka) usimamishwe baada ya umbo kukamilika, sehemu yake ya chini ikae juu ya udongo bila pengo. Pengo la kupitisha gurudumu ni pengo la kupitisha mguu wa mtu.

Hatua ya 6: Tabaka la juu na maji

Tabaka la juu la sentimita tano hadi saba ndilo litakalochezewa usiku kucha. Lishindilie, kisha likwaruze juu kidogo ili gurudumu lipate kitu cha kung'ata.

Maji yapimwe. Milimita moja juu ya njia ya mfano wetu ni karibu lita 4,000, kwa hiyo boza la lita 8,000 likimwagwa lote katika mzunguko mmoja limeweka milimita mbili. Mimi ningeanza na nusu milimita, kusubiri ipotee, kurudia. Maji mengi kwa mara moja hukaa juu, hutiririka na kukusanyika ukingo wa ndani, na huko ndiko waendeshaji watakwama wakitafuta njia fupi. Angalia pua za boza: ikiziba moja una mstari mkavu unaozunguka njia nzima, ikivuja moja una mstari wa tope.

Kwenye uwanja uliofungwa paa, sahau mazoea ya nje. Hakuna upepo, hakuna jua, na unyevu wa hewa hupanda watu wanapojaa. Njia iliyokuwa sawa mchana inaweza kubaki na unyevu uleule usiku, au hata kuzidi kama boza litaendelea na ratiba ya njia za nje. Kwa upande mwingine, vumbi na moshi wa methanoli navyo havina pa kutokea. Panga mitambo ya hewa na wenye uwanja mapema, na uijaribu pikipiki zikiwa zinanguruma.

Hatua ya 7: Geti la kuanzia

Geti ni umeme, springi na utepe, na liko juu ya udongo unaotetemeka. Lifunge kwenye msingi wake mwenyewe, usiotegemea udongo wa njia. Lipe njia yake ya umeme isiyochangia na vipaza sauti au taa za maonyesho. Liinue mara hamsini mfululizo, na kwa kila mara tazama kama utepe unapanda sawa kwenye nafasi zote nne. Likikwama mara moja kati ya hamsini, halijapona. Weka jingine zima pembeni, na mtu anayejua kulifunga. Refa aelezwe mapema utaratibu wa dharura ni upi, ili asiuamue mbele ya umati.

Udongo wa nafasi nne za kuanzia uwe mgumu kuliko mwingine wote, na ufanane. Nafasi moja ikishika kuliko nyingine tatu, umegawa pointi kabla ya mbio.

Hatua ya 8: Mazoezi, na jinsi ya kusoma majeraha

Mazoezi ya siku ya kabla ya mbio ndiyo mtihani wa kweli. Usiwapeleke watu kulala. Wapange kwenye kona na waandike kila kinachotokea na mahali kilipotokea. Majeraha husema.

Mashimo kwenye kutokea kona, yenye udongo mweusi uliolowa chini yake, maana yake tabaka la chini lina maji. Hii ni kazi ya usiku mzima: kata, chimbua, badilisha, kama kwenye hatua ya 4. Mashimo yenye udongo mkavu unaovunjika vipande ni ya kukosa maji au kukosa mfinyanzi. Kwaruza, lowesha, changanya, shindilia. Matuta madogo yanayofuatana pale waendeshaji wanapoingia kona huonyesha tabaka la juu limelegea juu ya gumu. Uso unaong'aa kama kigae umeshindiliwa mno au umelainika. Pitisha haro kwa wepesi. Vumbi zito baada ya mchuano wa kwanza tu ni kosa la boza.

Wasikilize waendeshaji, na uwaulize swali la mahali: "wapi hasa?" Anayesema njia ni mbaya hajakusaidia. Anayesema gurudumu la mbele linazama mita tatu kutoka ndani, mwanzo wa kona ya pili, amekuokolea saa mbili.

Kubaliana na refa na wakuu wa mashindano, kwa maandishi na kabla ya mazoezi, saa ambayo uamuzi wa mwisho utatolewa na nani anautoa. Anayejenga njia aseme ukweli wote saa hiyo ikifika, pamoja na yale ya chini yasiyoonekana. Watu wamenunua tiketi na wamesafiri, na ni haki yao kuambiwa asubuhi kuliko kuambiwa wakiwa wamekaa kwenye viti. Haki kubwa zaidi ni ya yule anayeingia kona bila breki.

Hatua ya 9: Usiku wa mbio

Mashindano ya kiwango cha Grand Prix katika miaka hiyo yalikuwa na michuano 20, nusu fainali mbili na fainali. Panga trekta na boza vipite kila baada ya michuano minne, na usikubali mapumziko hayo yafupishwe kwa sababu ya televisheni. Trekta livute udongo uliorushwa nje ulirudishe ndani, maana kila mchuano husogeza udongo kuelekea uzio, na ukiuacha huko ndani panabaki patupu. Kati ya mchuano na mchuano, watu wenye majembe na vishindilio vya mkono washughulikie nafasi za kuanzia na shimo lolote jipya. Shimo lisizibwe kwa udongo uliolegea: likwaruzwe, liloweshwe kidogo, lijazwe, lishindiliwe.

Malori yakirudi usiku huo kubeba udongo, chukua sampuli za chini kabisa kutoka sehemu zilizochimbika na sehemu zilizosimama imara. Zifunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa, andika kona, mita na kina, upime unyevu kesho yake, na uweke majibu pamoja na karatasi ya malori yaliyopita mlangoni.